STPP ya kupima Kigoma mjini: unga uko poa, mfuko ndo tatizo

Wenzangu wa sabuni za unga hapa Kigoma, mlioulizia STPP, yaani sodiamu tripolifosfeti, hii wanayopima kwa kilo kwenye maduka ya malighafi upande wa Mwanga, mi kwa kazi yake naipa nyota nne. Maji ya kisima chetu huku Ujiji ni magumu balaa, ukifua na mche wa sabuni ya mawese povu hupati ng'o, unabaki na utando mweupe umeganda pembeni ya beseni, sasa nimejaribu mabeseni mawili maji yaleyale sabuni ileile, moja nikatia kijiko cha STPP, aisee povu likapanda likakaa na utando hamna. Inachofanya inazikamata kalsiamu na magnesiamu za kwenye maji zisigombane na sabuni, na inazishikilia humohumo majini mpaka unamwaga, wakati soda ashi, yaani sodiamu kaboneti, unga mwingine tunaotia kwenye sabuni, inazigandisha zinakuwa chokaa, na chokaa hiyo inabaki kwenye nguo ndo maana shati linakakamaa. Halafu soda ashi inakula mikono zaidi. Bei ndo STPP iko juu, hilo lipo.

Ukiitia majini tia kidogokidogo huku unakoroga, ukimwaga yote kwa mpigo inashikana chini ya ndoo kama jiwe.

Nyota ya tano wameikosa kwenye mfuko. Duka nililonunua wamekufungia unga mweupe hauna jina wala tarehe, na pembeni yake kuna soda ashi nyeupe vilevile, hapo mtu anauziwa ya bei rahisi kwa bei ya STPP na hajui. Chukua unga kidogo kamulia limao, ukiona unachemka mapovu hiyo ni soda ashi au imechanganywa nayo, rudisha. STPP yenyewe haichemki.

Na jamani ziwa. STPP ni fosfeti, na fosfeti ni chakula cha mwani, Umoja wa Ulaya waliibana kwenye sabuni za kufulia za majumbani tangu 2013 kwa sababu hiyohiyo, na Tanganyika yetu maji yake yanatoka kwenda nje kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga kule Kongo, kwahiyo tunachomwaga leo tutakaa nacho sana. Mnaofua ufukweni Kibirizi na Katonga hii msiitumie kabisa, na sisi wa visimani tutie kiasi kidogo tu, maji machafu yaende kwenye shimo, yasiende kwenye mtaro unaoshuka ziwani.