Rejista ya saa za jua ya Amerika Kaskazini: tathmini kwa msafiri

Kwa msafiri anayependa saa za jua, yaani zile zinazoonyesha wakati kwa kivuli, rejista ya mtandaoni ya North American Sundial Society, chama cha saa za jua cha Amerika Kaskazini, ni pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hupanga saa za Marekani na Kanada kwa majimbo na miji, ikieleza aina ya kila saa, mahali ilipo na, mara nyingi, latitudo na longitudo za kuingiza kwenye simu. Namba hizo zina thamani kuliko picha, maana saa nyingi zimejificha katika bustani za vyuo au juu ya kuta ambazo wapita njia hawazitazami. Anayekwenda Jaipur, India, kuona saa ya jua ya Samrat Yantra yenye kimo cha takriban mita 27, atafute kwingine. Wala umaarufu si usahihi: kivuli cha mnara wa daraja la Sundial Bridge mjini Redding, California, lililofunguliwa mwaka 2004, huonyesha wakati kwa usahihi siku moja tu kwa mwaka, mwezi Juni. Kwa saa za ukutani, chunguza kwanza ukuta umeelekea wapi, kwani ule unaotazama mashariki hausomeki baada ya adhuhuri.