Tahadhari Goma: bastola za misumari ya paa "mpya" zilizopakwa rangi tu

Wandugu mafundi wa kupaua, muwe macho. Kuna bastola za hewa za kupigia misumari ya vigae vya lami zinazotangazwa kwa WhatsApp kuwa mpya, "za kazi nzito". Ni mashine zilizochoka: zimefunguliwa, zikapakwa rangi, zikatiwa katoni. Muuzaji anadai akonti kwa M-Pesa kabla hujaiona. Msitume hata franga moja.

Anzeni na katoni. Tangu 2018 zana za Hitachi zinauzwa kwa jina la HiKOKI, na kule Marekani Metabo HPT. Mtu anayekuambia "Hitachi ya mwaka huu" amekwisha kujisema mwenyewe.

Halafu mdomo. Mchanga ulio juu ya vigae vya lami hukwangua chuma, kwa hiyo bastola nzuri huwekewa vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, pale inapogusa kigae. Rangi haivirudishi vikishang'oka. Tazama pia tundu la msumari: likiwa limetanuka upande mmoja, misumari itakwama kila saa.

Muuzaji atafyatua mara mbili hewani, puu puu, aseme "umeona?" Hapo hujaona kitu. Dai koili nzima, yaani mviringo wa misumari 120 iliyoungwa kwa waya kwa mshazari wa digrii 15, unene milimita 3 hivi, urefu 19 mpaka 45. Weka hewa bari 7, piga kwenye ubao mkavu wa mkaratusi. Macho yawe kwenye geji ya kompresa pia. Goma iko mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kompresa ndogo hupumua kwa shida, usije ukailaumu bastola bure. Presha ikiwa imetulia na vichwa vinabaki juu, sikiliza. Hewa ikivuja kwenye tundu la kutolea hata kabla hujagusa kifyatulio, ni mipira ya valvu, na hiyo ni bei ndogo. Isipovuja, na kichwa cha msumari kina alama upande mmoja tu, fimbo inayopiga msumari imelika ncha. Achana nayo, maana kipuri hicho kinaagizwa mbali na kitakula faida yote.

Kuna zinazouzwa zikiwa na kinga ya mdomoni iliyofungwa kwa waya ili zipige haraka. Bastola ya namna hiyo hufyatua hata isipogusa ubao. Kagua na kichwa cha kuungia mpira: kiwe cha wazi, hewa itoke yote ukichomoa. Wakikufungia chenye valvu, hewa inabaki ndani, na bastola uliyoichomoa bado inaweza kukutia msumari mkononi.

Uongo mwingine ni kwamba inapiga manjanja, yaani mabati. Msumari wake ni bapa, hauna mpira. Unabonyeza mgongo wa bati, na mvua inapita hapo hapo. Manjanja yanataka msumari wa mwavuli na nyundo, au skrubu yenye mpira.

Na yeyote anayekushauri utumie chupa ya oksijeni ya mchomeleaji kwa sababu huna kompresa, mkimbie. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bastola, inalipuka.