Nyumba ya kupanga Nyegezi: mama mwenye nyumba nyota nne, dalali nyota moja

Naandika kwa ajili ya atakayepanga kwa huyu mama siku nyingine, ana nyumba zaidi ya moja huku Nyegezi, Mwanza. Nyumba yenyewe sina neno: vyumba viwili kimoja masta, luku yako peke yako, maji ya Mwauwasa yakikatika kuna simtanki, na ukishapanda zile ngazi za kwenye mawe unaliona ziwa lote. Ila kilichonifanya niandike ni jinsi alivyonitoa.

Kijana wake alihamishiwa Mwanza kikazi na familia, wakahitaji pa kukaa. Hapo ndo wapangaji wengi tunaumia, unasikia tu "mwisho wa mwezi nataka nyumba yangu". Huyu alikuja mwenyewe, akakaa, akasema "mwanangu sikufukuzi, wajukuu zangu wanaanza shule Januari na sina pa kuwaweka", akanipa barua ya miezi mitatu kama mkataba unavyosema, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia sawa mama. Na kweli nyumba ni yake, mi sioni ubaya mtu kutaka wanawe wakae kwake, ubaya huwa kwenye hela.

Maana nilishalipa miezi sita mbele na notisi ingeisha kodi ikiwa bado ipo. Kawaida utaambiwa "hama kwanza ntakutumia", sasa unahama na nini wakati kule unakoenda nao wanataka miezi sita mkononi? Mama alinirudishia iliyobaki kabla sijafunga hata begi, tena tukapiga hesabu na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tangu Agosti 2021, ile ni ya mwenye nyumba jamani sio ya mpangaji, akailipa bila maneno. Nilishukuru sana.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya mafundi. Barua ilivyotoka tu watu wakaanza kuingia kupima madirisha bila hata simu, siku moja natoka kuoga nakuta mtu na futi sebuleni. Kodi imelipwa, bado ni kwangu pale! Nilimwambia, akaomba radhi, ikapungua ila haikuisha.

Dalali sasa. Alikula kodi ya mwezi mzima huku ananiapia mwenye nyumba hana mpango na ile nyumba, "utakaa mpaka uchoke mwenyewe". Nilivyompigia anitafutie nyingine akataka mwezi mwingine kamili na hela ya kunizungusha juu, halafu nyumba aliyonipeleka Buhongwa ilishapata mtu. Sirudi kwake.

Kipengele cha notisi msome kabla ya kusaini, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005 kwa hiyo kinachokulinda zaidi ni hiyo karatasi. Kama mkataba hausemi muda, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaangalia kipindi unacholipia kodi, notisi isipungue hapo. Mkishindwana Baraza la Kata linasuluhisha tu, kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ukipanga kwa huyu mama mwombe iandikwe kabisa kwamba kodi iliyobaki inarudi kabla ya kuhama, na mafundi wasiingie bila taarifa. Ni msikivu, hatakataa.