Meza ya vitabu vya mtumba karibu na Nyerere Square, nampa nyota nne

Wa Dodoma mnaotaka vitabu vya historia kwa bei poa piteni hapa, mi nimechukua cha wapinga utumwa wa Marekani kwa buku tano tu na aisee kitamu. Yaani hawa jamaa hawakuwa malaika wote! Kuna chama kilianzishwa 1816, American Colonization Society, humo wapo waliochukia utumwa kweli ila dawa yao eti weusi walio huru wapelekwe Afrika, ndo Liberia ikatokea hapo, na humohumo walikuwemo wenye watumwa wao kabisa. David Wilmot, mbunge wa Marekani, 1846 alitaka utumwa usiingie ardhi itakayochukuliwa Mexico, si kwa huruma, alikuwa anawawazia vibarua wazungu. Hata Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, 1858 alisema hadharani hataki weusi na wazungu wawe sawa kisiasa na kijamii. Ila Frederick Douglass sasa, mpinga utumwa mweusi, katoroka utumwani mwenyewe, halafu wapinga utumwa wenzake wazungu wanamwambia we simulia tu yaliyokukuta, falsafa tuachie sisi, hapo nilikasirika kinoma. Muuzaji mcheshi na anapunguza bei, tatizo vingine vimelowa mvua, kagua kurasa kabla hujalipa.