Viceregal Lodge ya Shimla: uzoefu wangu

Wageni wengi wakifika Shimla, kaskazini mwa India, huishia barabara ya Mall na kupiga picha mbele ya kanisa la Christ Church. Ni kanisa zuri, sikatai. Lakini kama una nusu siku tu, nenda Viceregal Lodge, lililokuwa jumba la kiangazi la Viceroy, yaani mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza.

Jumba hili lilikamilika mwaka 1888, enzi za Viceroy Lord Dufferin, wakati serikali ya Waingereza ilikuwa ikipanda mlimani kila kiangazi kukimbia joto la Calcutta. Msanifu wake ni Henry Irwin. Nje ni mawe ya kijivu na minara, kama ngome. Ndani ndipo nilipobaki nimeshangaa: ngazi kuu, nguzo na kuta za ukumbi zimevikwa mbao za msaji kutoka Burma, zimechongwa nakshi mpaka juu ghorofani, na bado zinang'aa. Umeme uliwekwa tangu mwanzo. Mwongozaji alituonyesha pia mabomba ya kuzimia moto, ambayo midomo yake ilizibwa kwa nta: joto likipanda, nta inayeyuka na maji yanamwagika yenyewe. Kwa jumba lililojaa mbao kiasi kile, hiyo ni akili kubwa mno.

Halafu kuna picha za zamani. Juni 1945 Lord Wavell, Viceroy wa wakati huo, aliwaita hapa viongozi wa India, wakiwemo Jinnah wa chama cha Muslim League na Azad wa chama cha Congress, wakashindwa kuelewana. Miaka miwili baadaye nchi ikagawanyika kuwa India na Pakistan, watu mamilioni wakahama makwao. Kusimama ndani ya nyumba hiyohiyo huku ukiwatazama usoni kuliniingia moyoni kuliko nilivyotarajia.

Mjue mapema kwamba mtaingia kwa makundi na kuona vyumba vichache vya chini tu. Tangu 1965 jumba ni makao ya Indian Institute of Advanced Study, na watafiti wanafanya kazi humo. Kamera haziruhusiwi ndani. Bustanini mnatembea wenyewe bila kundi, na ni kubwa.

Kutoka Ridge, uwanja wa wazi katikati ya mji, ni kama kilomita 4 za vilima, kwa hiyo wazee wachukue teksi. Ukirudi mjini na nguvu zikiwepo, pitia Gaiety Theatre ya mwaka 1887, kazi ya Irwin huyohuyo. Ni ukumbi mdogo, ila ukikaa kwenye kiti chochote jukwaa liko karibu kabisa.