Programu ya nidhamu kazini: inalinganisha vizuri, ila yaliyoandikwa tu

Mimi niko rasilimali watu, na kazini kwetu barua za onyo, vikao vya nidhamu, rufaa, vyote vimehamia kwenye programu badala ya mafaili ya karatasi. Jina lake silitaji.

Kizuri kipo na nikiseme. Ukifungua kesi mpya, tuseme mtu kakutwa amelala shifti ya usiku, pembeni inakuletea kesi za nyuma za kosa kama hilo, nani alipewa adhabu gani, alikuwa na onyo ambalo bado liko hai au hana, kakaa kazini miaka mingapi. Hiki ni kitu kikubwa jamani. Zamani meneja huyu anatoa onyo la mdomo, wa idara ya pili kwa kosa lilelile anamwachisha mtu kazi, na hakuna anayejua mpaka watu wakutane getini waanze kusimuliana. Onyo nalo likiisha muda linatoka lenyewe kwenye hesabu, hakuna tena kufukua barua ya zamani kumkandamizia mtu leo.

Sasa tatizo ni kwamba inalinganisha kesi zilizoingizwa tu. Tulikuwa na vijana wawili walikutwa wamelala, wiki tofauti, masupavaiza tofauti. Wa kwanza supavaiza wake alimwamsha akamwambia kanawe uso urudi kazini, yakaisha, hakuna kilichoandikwa. Wa pili akafunguliwa kesi, ikapendekezwa aachishwe kazi, na programu ikatoa alama ya kijani kwamba adhabu inaendana na kesi zilizopita. Inaendana vipi wakati yule wa kwanza hayumo? Kijana akasema kwenye kikao, mbona mwenzangu aliachwa, mwenyekiti akaangalia skrini akajibu rekodi haionyeshi. Yaani mtu anasema jambo ambalo nusu ya shifti wanalijua halafu anakatwa kauli na alama ya kijani! Niliomba kikao kisimame mpaka yule supavaiza aitwe, akaja, akakubali kwamba ni kweli, na adhabu ikashuka ikawa onyo la maandishi.

Na sisemi kila mtu apewe adhabu ileile. Mwenye onyo mbili hai na asiye na hata moja hawako sawa, ila tofauti hiyo iandikwe, na hapa kisanduku cha sababu unaweza kukiruka na kesi ikafungwa vizuri tu.

Kilichoniudhi zaidi ni barua. Ukichagua kosa kubwa, barua ya kuachishwa kazi inajitengeneza hapohapo, jina limejaa, tarehe imejaa, inasubiri saini, na kikao hata hakijapangwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, kifungu cha 7, unataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake, labda iwe ni hali ambayo kwa haki huwezi kumdai mwajiri atoe nafasi hiyo. Nchi nyingi hazijauridhia lakini hicho kifungu hata mtu asiyejua sheria anakielewa. Mwenyekiti akishaona barua iko tayari, masikio yake yanabaki na kazi gani? Halafu Pendekezo namba 166 la shirika hilohilo, la mwaka huohuo, linampa mfanyakazi haki ya kusaidiwa na mtu mwingine anapojitetea, humu ndani hakuna hata pa kuandika jina la huyo mtu. Supavaiza anaambatanisha picha na video, mfanyakazi anapewa kisanduku kidogo ambacho maelezo yakiwa marefu yanakatika katikati ya sentensi.

Nyota tatu kati ya tano, zote za ule ulinganisho. Mkitaka kununua ya namna hii, muulizeni muuzaji kama supavaiza anaweza kuingiza onyo la mdomo palepale kwa simu, na kama barua inaweza kufungwa mpaka maamuzi ya kikao yaingizwe. Sisi tumewaandikia waliotuuzia kuhusu hilo la barua, na kwa sasa barua zote naziandika mwenyewe nje ya programu, baada ya kikao.