Kioo cha inoksi (chuma kisichoshika kutu) kwa farasi mwenye wasiwasi: dola 95 na siku nne za kungoja

Kabla ya kioo kulikuwa na mbuzi. Farasi ninayemtunza ni jike wa miaka tisa, jina lake Kimia. Kwa Kilingala ni utulivu, na kila anayemjua hucheka akilisikia. Alibaki peke yake bandani mwenzake alipouzwa Likasi, tukamwekea mbuzi wa dola 60, na kwa miezi miwili hatukusikia kelele usiku. Ilipofika tarehe 24 Desemba mwenye shamba akapata wageni wengi. Sina haja ya kuendelea. Kimia alianza tiki wiki hiyohiyo.

Sisi watunzaji wa Lubumbashi, Kongo, tunaiita tiki ya dubu, jina tuliloachiwa na Wabelgiji. Farasi anasimama mlangoni, anaegemea mguu wa mbele wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, kichwa na shingo vikifuata, saa nzima bila kuchoka. Asubuhi nilikuwa nakuta udongo mbele ya mlango umechimbika mashimo mawili, kila moja linatosha kuweka sufuria ya bukari, ugali wetu.

Najua mtakachosema: mfungulie, alale nje. Kiangazi ndivyo tunavyofanya. Lakini mvua zikishaanza Novemba, usubi hutoka jua likizama na kuuma mpaka alfajiri, na hao ndio wanaoeneza pesti ya farasi. Virusi hivyo vikimpata farasi asiyechanjwa, mara nyingi hamalizi wiki. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni Kimia yuko ndani na vyandarua vimeshushwa, apende asipende. Saa kumi na tatu kati ya kuta nne, mnyama aliyezaliwa kutembea na kundi!

Kwanza nilitupa pesa. Muuzaji mmoja hapa mjini aliniuzia bomba la dawa ya kulamba, magneziamu na mengine nisiyoyajua, dola 35. Nikampa siku tano kama karatasi ilivyosema. Aliyetulia ni muuzaji.

Daktari wetu wa mifugo ndiye aliyeniambia habari za kioo. Watafiti watatu wa Uingereza, McAfee, Mills na Cooper, walichapisha utafiti mwaka 2002: waliweka vioo katika mabanda ya farasi wenye tiki hiihii, na kuyumba kukapungua sana. Ila akanionya nisithubutu kuweka kioo cha saluni. Teke moja tu na una vipande vya kioo kwenye matandiko na damu kwenye kwato.

Nikaenda komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ya Nairobi), kwenye karakana ndogo karibu na soko wanakotengeneza milango na masinki. Kijana alizima mashine yake.

"Papa, inoksi ya kung'aa hivi ni ya nini? Ya jikoni?"

"Ya farasi, mwanangu. Ajiangalie."

Akaniangalia kwa muda. "Farasi naye anaenda ku ndoa?"

Karakana nzima ikacheka, na mimi pia. Lakini kazi aliifanya kwa makini. Bamba la mita moja kwa mita 1.2, unene milimita 1.5, akalisugua kwa karatasi ngumu, kisha laini, kisha kitambaa na dawa ya kung'arishia, hadi niliweza kuhesabu mvi za ndevu zangu. Umeme ulikatika mara mbili, ndiyo maana siku moja ikawa nne. Alinipigia simu kila jioni kunieleza alikofika, jambo ambalo kwa mafundi wetu halitokei kila wiki.

Kasoro ni kingo. Zilikuja zikiwa kali kama wembe, nikajikata kidole gumba wakati wa kupakua. Nilimrudishia, akazikunja kwa nyuma bila kuomba hata falanga. Picha yenyewe inapinda kidogo kwenye kona ya chini, Kimia anaonekana ana magoti mazito. Hajalalamika.

Kulipachika ndiko kulikonichosha. Mara ya kwanza nililiweka mkabala na mlango. Jua la asubuhi likaligonga na kumrudia machoni, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikalihamishia ukuta wa kando, usawa wa kichwa chake, kwa boliti nane ndani ya mbao. Siku ya kwanza alilaza masikio, akapiga kelele na kunusa nyuma ya bamba akimtafuta mwenye uso ule. Nilikaa naye mpaka saa nne usiku. Farasi wako akianza kupigana na kioo, kishushe, usimlazimishe.

Siku ya tatu alikuwa amesimama bega lake karibu na bamba, mdomo wa chini umelegea. Huwa nampima mapigo chini ya taya. Farasi aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Desemba, jioni tu nikifunga mlango, yeye alikuwa anafika 60. Sasa nahesabu 40, 42. Na wiki ya pili niliingia asubuhi nikamkuta ana maranda ya mbao ubavuni na hata shavuni. Alikuwa amelala chini. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito hauji mpaka alale, na huwezi kulala chini kama unaogopa.

Tiki haijaisha. Anayumba kidogo saa ya chakula, labda robo saa. Tumbo la farasi hutoa asidi hata likiwa tupu, kwa hiyo namjazia majani makavu kilo tisa kwa siku kwenye wavu wa matundu madogo, ayatafune polepole hadi usiku wa manane. Bila majani sidhani kioo kingefanya kitu. Na radi ikipiga juu ya mabati, kioo hakisaidii hata kidogo. Hapo naenda mwenyewe na redio.

Karakana naipa nne kati ya tano. Ukienda, waambie tangu mwanzo kwamba ni ya farasi, wakunje kingo kabla hujabeba.